Maswali mnayoniuliza kila nikirudi jimboni: hela ya serikali inadhibitiwaje, na mbunge anafanya nini hasa

Nikirudi jimboni naulizwa maswali yaleyale, iwe mkutano wa hadhara, iwe msibani, iwe kwenye grupu la WhatsApp la kata, na mengi yanahusu hela: inatoka wapi, inaenda wapi, na mimi mbunge niko sehemu gani hapo katikati. Nimeyakusanya hapa niyajibu vile ninavyoyaelewa nikiwa ndani. Majibu mengine ni marefu, vumilieni, kuna mambo ukiyafupisha sana yanakuwa uongo.

Mheshimiwa, mbunge si ndo anatoa hela? Mbona barabara yetu hujaileta?

Hapana, na hili naomba tuelewane kabla ya yote. Mbunge hana fungu. Anayepanga matumizi na anayelipa ni serikali, kuanzia wizara mpaka halmashauri. Kazi yangu kwa mujibu wa Katiba ibara ya 63 ni kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba yenu. Tena ibara ya 99 imenibana kabisa kwenye mambo ya fedha: siwezi kusimama tu bungeni nikapeleka hoja ya kuongeza kodi au kuongeza matumizi, hiyo mpaka itoke kwa Rais kupitia waziri. Kwaiyo mgombea akikwambia nikipita nawajengea daraja, muulize kwa hela ya fungu gani. Ninachoweza ni kuuliza, kusukuma, kukumbusha, na kuzuia hela isipotee njiani. Na hiyo ya mwisho ndo kubwa kuliko zote ingawa haipigiwi makofi.

Sasa kama huwezi kuongeza hela, miezi mitatu yote Dodoma mnafanya nini?

Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha mwishoni mwa Juni, sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na mpya unaanza 1 Julai. Lakini ukweli ni kwamba ukisubiri Aprili umeshachelewa. Mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti yanaletwa bungeni mwezi wa 11, hapo ndo serikali bado inasikiliza, bado namba hazijakaa. Alafu mwezi wa tatu kamati zinatoka kwenda kukagua miradi, kisha zinakaa na wizara zinapitia makadirio kifungu kwa kifungu. Huko kwenye kamati hakuna kamera nyingi wala vijembe, na ndo mahali pekee ambapo nimeona namba ikibadilika kweli. Mtu akiniuliza nimefanya nini, naomba aniulize kwanza kamati yangu imefanya nini.

Mnachokiona kwenye luninga ni mwisho wa safari. Pale kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likiwa limekaa kama kamati, likifika fungu la wizara, kifungu cha utawala kilichobeba mshahara wa waziri, mbunge anaweza kushika shilingi. Maana yake unasema nisipopata maelezo ya kuridhisha natoa hoja tuondoe shilingi kwenye mshahara wa waziri, na hapo wenzako wakikuunga mkono mjadala unafunguka na waziri lazima ainuke. Niliwahi kushika shilingi kwa ajili ya visima vilivyochimbwa vikaachwa bila pampu. Jibu la kwanza likawa lile la mchakato unaendelea, nikagoma kuirudisha, wakasimama wengine ambao nao wana visima vya hivohivo majimboni kwao, waziri akainuka tena na safari hii akataja kiasi na mwezi. Hapo nikarudisha. Watu wa nyumbani waliniuliza mbona ulirudisha, wakaona kama nimenywea. Lakini kauli ya waziri ikishaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ni mali yangu, naibeba naenda nayo ofisini kwao, nawawekea mezani ukurasa na tarehe.

Tatizo ni muda. Ukifika mwisho na mafungu bado yapo, linapigwa gilotini, yaani vifungu vilivyobaki vinapita kwa pamoja bila maswali. Mabilioni yanapita dakika chache. Hili linaniuma kila mwaka na nimeshalisema humohumo ndani kwamba wizara zenye hela nyingi zipewe siku zaidi.

Mbona bajeti inapita kila mwaka? Hamuwezi kuikataa?

Tunaweza, ila ibara ya 90 inasema Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja, maana yake wote turudi kwenye uchaguzi. Ongeza na ibara ya 71, mbunge akitoka au akifukuzwa chama chake anapoteza ubunge. Alafu kura ya bajeti ni ya kuitwa jina moja moja, unasimama unasema ndiyo au hapana kila mtu anasikia. Sasa mbunge wa chama tawala mwenye malalamiko ya kweli kuhusu fungu moja hawezi kuyasema kwa kuikataa bajeti nzima ya nchi. Ndo maana mimi siamini sana kwenye kura ya mwisho kama chombo cha kudhibiti matumizi. Ukitaka kubana, bana kabla, kwenye kamati, na bana baada, kwenye ukaguzi. Hapo katikati ni sherehe.

Zahanati yetu imo kwenye kitabu cha bajeti, mbona hamna hata tofali?

Hili ndo swali bora kuliko yote na natamani kila mtu aliulize.

Kuna maneno matatu ambayo serikalini yako mbalimbali kabisa na sisi huku tunayachanganya: fedha iliyotengwa, fedha iliyotolewa, na fedha iliyotumika. Iliyotengwa ni ruhusa tu. Bunge limesema mnaweza kutumia mpaka kiasi hiki. Hela yenyewe inatoka Hazina kadri makusanyo yanavyoingia na kadri vipaumbele vinavyosukumana, na vinavyolipwa kwanza ni vile visivyosubiri, deni la taifa na mishahara. Kinachokatwa mapato yakipungua ni miradi ya maendeleo, yaani zahanati yako. Kwaiyo bajeti inaweza kukua kwenye makaratasi, na imekua kweli, kutoka trilioni 44.39 mwaka 2023/24 mpaka trilioni 56.49 mwaka 2025/26, na kijijini kwako usione kitu.

Ndo maana mimi swali langu kwa waziri huwa sio "mmetenga shilingi ngapi", swali langu ni "mwaka jana mlitenga ngapi, mmetoa ngapi, na hizo mlizotoa zimefanya nini". Ukiuliza hivo chumba kinakuwa kimya. Na ukiona hela ya maendeleo imeletwa mwezi wa tano au wa sita ujue kuna balaa linakuja, sababu mwaka unafungwa, mkurugenzi anaogopa hela kurudi Hazina, basi watu wanakimbizana kununua, bei haijadiliwi, mzigo unapokelewa kwenye karatasi kabla haujafika. Wizi mwingi ninaousoma kwenye ripoti za ukaguzi una harufu ya Juni.

Halmashauri yetu imepata hati safi, kwaiyo hamna wizi?

Hapana, na viongozi wanaowachezesha ngoma kwa ajili ya hati safi wanawapoteza. Hati safi, yaani hati inayoridhisha kutoka kwa mkaguzi, maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa sawasawa na viwango vya uhasibu, zinaonyesha hali halisi ya vitabu. Haisemi kama darasa lilistahili bei hiyo, haisemi kama dawa zilifika. Unaweza ukanunua kitu kwa bei mara mbili, ukawa na risiti zote, na vitabu vikakaa vizuri. Usiishie kwenye hati, fungua ndani kwenye hoja za ukaguzi, yaani dosari alizoandika mkaguzi, hasa zile zinazojirudia mwaka hadi mwaka, na ripoti za ukaguzi wa ufanisi. Hizo ndo zinasema hela imefanya kazi au la.

Ripoti ya CAG inatoka, kelele wiki mbili, alafu kimya. Ina faida gani?

Inakatisha tamaa, nakubali. Tuanze na njia yake: CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais mwishoni mwa Machi, na Katiba ibara ya 143 inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze, na isipowasilishwa CAG anaipeleka kwa Spika mwenyewe. Baada ya hapo inaenda kwenye kamati, PAC kwa hesabu za serikali kuu na LAAC kwa halmashauri, wanaitwa maafisa masuuli, yaani watendaji wakuu wanaowajibika kwa hela za taasisi zao, wajibu. Hapo ndo panapochelewa, mpaka kamati imalize na Bunge lipitishe maazimio aliyehusika ameshahamishwa kituo au amestaafu.

Lakini msiseme haijawahi kufanya kitu. Februari 2008 kamati teule ya Bunge ilipoleta taarifa ya Richmond, ile kampuni ya mkataba wa umeme wa dharura, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Novemba 2014 PAC ilipoleta taarifa ya hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu mwezi uliofuata na Waziri wa Nishati Sospeter Muhongo akaachia Januari 2015. Angalieni kilichofanana: karatasi za ukaguzi au uchunguzi zilikuwepo, kamati ilifanya kazi yake, na wananchi walikuwa wanafuatilia mjadala mpaka usiku. Kikipungua kimoja hapo azimio linabaki azimio.

Ninachofanya mimi kwa ngazi yetu ni kidogo lakini kinashika. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, watu wengi wanasahau, na wabunge wengine wanasahau pia. Kikiitwa kikao cha kujadili hoja za CAG naenda, na namuomba mkurugenzi asome hoja moja moja na jina la kitengo. Mtu akijibu "tumepokea ushauri na tunaufanyia kazi" namuuliza mwaka jana mlijibu nini kwenye hoja hii hii.

Ungekuwa na uwezo wa kukata matumizi ungekata nini?

Wengi wanategemea niseme magari, safari, semina na posho, zikiwemo posho zetu wabunge. Nasema ndiyo, vyote hivo, kwa sababu mwananchi anayeombwa alipe kodi hawezi kukuelewa ukipita na msafara. Ila nisiwadanganye kwamba hapo ndo pameshika hela nyingi. Kinachoniumiza zaidi ni riba tunazolipa kwa kuchelewa kumlipa mkandarasi. Kazi imekwisha, hati ya malipo imeidhinishwa, hela haitoki, mkataba unasema kila siku ya kuchelewa ina riba, mwisho tunalipa barabara moja kwa hela ya barabara na kipande. CAG anaandika hili kila mara.

Na cha pili ni maboma. Tunaanzisha jengo jipya huku kuna matano hayajaezekwa, sababu jiwe la msingi jipya lina picha na kuezeka boma la mtangulizi wako hakuna picha. Mimi msimamo wangu kwenye baraza ni huu: hakuna kuanza kipya kwenye kata ambayo ina boma linalosubiri bati. Nimegombana na madiwani wangu kwa ajili ya hili na nitaendelea.

Mbona mlipitisha tozo za miamala 2021, hamkutuuliza?

Muswada wa Sheria ya Fedha ukija, Kamati ya Bajeti inaita wadau watoe maoni. Kisheria mlango uko wazi. Lakini siku ni chache, ni Dodoma, na wanaokuja ni wenye wahasibu na wanasheria: mabenki, makampuni, vyama vya wafanyabiashara. Mama anayemtumia mwanae hela ya kula chuoni hakuwepo chumbani. Tozo zikaanza Julai, watu wakapiga kelele nchi nzima, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye zikaendelea kupunguzwa. Kwaiyo maoni yalipatikana, ila yalipatikana kwa gharama ya watu kuumia kwanza. Tangu hapo nimejiwekea kwamba muswada wa fedha ukishasomwa mara ya kwanza naweka vifungu vinavyogusa watu wa kawaida kwenye magrupu ya kata, kwa sauti, lugha rahisi, na kuomba mnijibu kabla ya kamati kufunga. Mkinijibu naenda na maneno yenu na majina ya vijiji vyenu, na inasaidia mno kuliko mimi kusema "wananchi wangu wanalalamika".

Mheshimiwa mbona hutoi? Mbunge aliyepita alikuwa anatoa.

Hapa nitaongea kwa kirefu.

Naombwa ada, jezi, bati za msikiti na kanisa, sanda, nauli, mtaji, na kila anayeniomba ana shida ya kweli, sijawahi kuona aliyekuja kwa utani. Na mimi ni binadamu, kwenye msiba natoa kama jirani mwingine. Lakini fikirini kidogo huu utaratibu unatufanyia nini. Mbunge akipimwa kwa anachotoa mfukoni, basi lazima atafute mfuko unaojaa. Mshahara hautoshi majimbo yetu yalivyo makubwa. Atakopa, alafu akimaliza kukopa atamsogelea mfanyabiashara anayetaka zabuni, au mkurugenzi ambaye anatakiwa kumbana, au waziri ambaye kesho anatakiwa kumshikia shilingi. Akishapokea hapo kamwe hawezi kuuliza swali gumu. Yaani shilingi laki moja uliyopewa wewe kwa ajili ya jezi inaweza kuwa ndo imenunua ukimya wa mbunge wako kwenye mradi wa mabilioni.

Sisemi aliyepita alifanya hivo, simjui mfuko wake. Nasema mimi nikiwa mgumu kutoa ni kwa sababu nataka niwe huru kuuliza. Mzee mmoja kwenye mkutano aliniambia, mwanangu, sisi tunakuomba kwa kuwa hatujawahi kuona ile hela kubwa mnayoisema, tunayoiona ni hii ya mkononi mwako. Nilikaa na hilo neno. Ana haki. Ndo maana naona kazi yangu ya kwanza ni kuwaonyesha ile hela kubwa iko wapi, mtaa kwa mtaa, ili muanze kuidai hiyo.

Na ule Mfuko wa Jimbo si ni hela yako?

Sio yangu. Upo kwa sheria ya 2009, hela inaingia akaunti ya halmashauri, mimi ni mwenyekiti wa kamati tu na miradi inatakiwa iibuliwe na wananchi wenyewe. Mgao wa jimbo unaangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Ni hela ndogo ukilinganisha na mahitaji, mimi naielekeza kwenye kumalizia: bati, milango, madawati. Orodha ya waliopata na kiasi iko ofisi ya jimbo na kwenye mbao za kata, na kama kwenu haijabandikwa niambieni.

Ile asilimia 10 ya vikundi imerudi?

Imerudi. Ilisimamishwa 2023 ikaanza tena 2024. Ni ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na ni mkopo usio na riba. Ni mkopo, ndugu zangu, sio zawadi ya uchaguzi. Vikundi hewa ndo viliuua mwanzo, na kikundi hewa hakiwezi kujificha kijijini, mnajuana wote.

Mimi mwananchi wa kawaida nitafuatiliaje hela ya serikali?

Anzeni na mnachokiona kwa macho. Mnakumbuka mradi wa UVIKO-19 mwaka 2021, ile trilioni 1.3? Ilitangazwa nchi nzima kwamba darasa moja ni milioni 20. Kila mtu alijua namba. Fundi alijua, mwalimu alijua, bibi anayeuza karanga getini alijua, na darasa likionekana halina madirisha watu walikuwa wanauliza palepale milioni 20 imeishia wapi. Sidai hakukuwa na shida, lakini sijawahi kuona wananchi wakisimamia mradi vile, na hawakupewa semina yoyote, walipewa namba tu. Kwaiyo kila mradi unaoanza kwenu ombeni namba: kiasi, chanzo cha hela, fundi nani, unaisha lini.

Miradi ya force akaunti, ile inayojengwa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule au kijiji bila mkandarasi mkubwa, ina kamati za wananchi, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Ukichaguliwa kamati ya mapokezi usisaini ukiwa nyumbani. Nilifika shule moja nikakuta daftari la mapokezi limesainiwa mifuko ya saruji mingi, nikaomba tufungue stoo. Mama mmoja wa kamati akasema yeye aliletewa daftari shambani akiwa analima, akaambiwa saini hapa gari limeshafika. Tulihesabu wote, mifuko haikufika hata nusu ya maandishi. Yule mama sasa hivi hasaini bila kuhesabu, na mzabuni amejua.

Alafu mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kila baada ya miezi mitatu na lazima mapato na matumizi yasomwe. Mtendaji akisoma haraka haraka mwambieni arudie. Kama hauitwi, hiyo peke yake ni hoja, nileteeni kwa maandishi mkiwa mmesaini wachache. Mnaotaka kusoma zaidi, Wizara ya Fedha inatoa bajeti toleo la mwananchi, ofisi ya CAG nayo ina toleo la wananchi, zote kwa Kiswahili na ziko kwenye tovuti zao. Na ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua unaomba taarifa, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Itumieni, hata mimi mniandikie.

Nikisema mtendaji amekula hela si nitaandamwa?

Hofu yako ina msingi, kijijini ni padogo. Sheria ya kulinda watoa taarifa ipo tangu 2015, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure 113. Ukiona huko nako pazito njoo kwangu, taarifa naibeba mimi kama swali langu bila kutaja aliyeniambia. Mimi bungeni nina kinga ya kusema, wewe huna, basi tumia ya kwangu.

Nikikutag mtandaoni mbona hujibu?

Najibu ninayoweza. Komenti ya "tumechoka" naisoma na naielewa ila sina pa kuipeleka. Ukiandika jina la kijiji na jina la mradi unakuwa umenipa kazi.

Mkutano ujao nije na nini?

Njoo na vitu vinne kama unavyo: jina la mradi na kijiji, mwaka wa fedha ulioambiwa hela imeletwa, kiasi mlichotajiwa na aliyekitaja, na picha ya hali ilivyo leo ikiwa na tarehe. Kama una viwili tu njoo na hivyo viwili. Mkurugenzi nimemuomba aje na mhandisi na mweka hazina, wakae mbele, na maswali ya miradi tutaanza nayo kabla ya hotuba yangu, sababu mara nyingi hotuba ikitangulia jua linazama maswali hayajaulizwa.